Methali ya Mshika Mbili na Uongo Tunaowaambia Wanafunzi wa Nakawa

Kila unapoanza mwaka wa masomo, wanafunzi wapya hukusanywa ukumbini kupokewa. Husimama mzee wa heshima akawaonya: "Mshika mbili, moja humponyoka." Maana yake kwa hadhira ile ni kwamba vitabu na watu haviendi pamoja, anayetaka shahada na afunge mlango wa chumba chake, maisha atayakuta mbele. Baada yake husimama kijana aliyehitimu juzi, naye huwanong'oneza kinyume chake: vyeti vimejaa mitaani, kinachomfikisha mtu ni kujuana. Mwisho husimama mpatanishi, akawaambia wapime mambo yao kwa mizani, wasome kiasi na wajifurahishe kiasi. Huyu wa tatu ndiye hupigiwa makofi mengi kuliko wote, kwa sababu hakusema lolote.

Makala haya yanawapinga wote watatu. Wanatofautiana katika shauri, lakini wamesimama juu ya dhana moja: kwamba masomo na maisha ya kijamii ni mizigo miwili katika sahani mbili za mizani, na kwamba kinachozidi upande mmoja kimeibwa upande wa pili. Dhana hiyo ni uongo. Ni uongo unaomgharimu mwanafunzi, unaoisamehe taasisi wajibu wake, na unaoinyima nchi raia. Nitautazama zaidi katika Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoko Nakawa, Kampala, kwa kuwa biashara ndilo somo ambalo uongo huo hulidhuru kuliko masomo yote.

Neno lenyewe

Mwalimu wa lugha huanza na maneno. Katika Kiswahili cha zamani, chuo kilikuwa ni kitabu. Baadaye neno likahamia mahali vitabu vinaposomwa, na hadi leo mtaalamu wa dini tunamwita mwanachuoni. Waarabu nao, ambao lugha yetu imekopa kwao maneno mengi, chuo kikuu hukiita jamia, neno la mzizi uleule uliotupatia jamii, jumuiya, jamaa na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Lugha moja imeangalia mahali hapa ikaona kitabu. Nyingine imeangalia mahali palepale ikaona watu waliokusanyika. Hakuna iliyokosea. Chuo kikuu ni watu waliokusanyika juu ya kitabu. Ondoa kitabu, umebaki na soko la porojo. Ondoa watu, umebaki na rundo la karatasi ambalo ungeweza kulinunua dukani ukakaa nalo nyumbani kwenu.

Uganda ililithibitisha hilo kwa gharama kubwa. Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na Juni 2021 vikafungwa tena. Maandishi ya mihadhara yaliendelea kupatikana kwa simu. Kilichokosekana ni mwenzako wa kumuuliza, mjadala wa kukukosoa, na aibu njema ya kutojua mbele ya wanaojua. Waliopitia miezi ile hawahitaji kuelezwa tofauti kati ya kupokea maandishi na kusoma.

Hesabu ya saa 168

Wapenda mizani hupenda kusema kwamba tatizo la mwanafunzi ni kutojua kugawa muda. Na tuugawe basi, maana hii ni shule ya biashara na hesabu hazitutishi.

Wiki ina saa 168. Chukua mfano wa mwanafunzi wa mchana. Mpe saa 56 za usingizi, yaani 8 kila usiku, kama wanavyoshauri matabibu. Mpe saa 20 za mihadhara na 25 za kujisomea, ambazo si haba. Mpe saa 10 za kukaa ndani ya takisi na kutembea, kwa kuwa anaishi Kireka au Banda na foleni za Barabara ya Jinja kila mtu anazijua. Mpe saa 25 za kupika, kula, kufua, kuoga na kuabudu. Jumla ni saa 136. Zimebaki 32. Mtu mwenye saa 32 za ziada kila wiki haambiwi kwamba hana nafasi ya watu maishani mwake. Anazo takribani saa nne na nusu kila siku. Ni nyingi kuliko za mzazi wake yeyote.

Sasa chukua mwanafunzi wa jioni. Tangu Makerere ilipofungua milango kwa wanaojilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990, masomo ya jioni yamekuwa njia ya maelfu ya watu wanaofanya kazi mchana. Huyu mpe matumizi yaleyale, kisha ongeza kazi ya saa 9 kwa siku tano, yaani saa 45. Hesabu inakwenda chini ya sifuri kwa saa 13. Ili aishi, lazima azitoe saa hizo katika usingizi au katika kujisomea. Hakuna semina ya kupanga muda itakayoifanya wiki yake iwe na saa 181.

Kwa hiyo shauri la mizani limewakosea wote wawili. Wa kwanza hana upungufu wa saa. Ana saa zilizokatwakatwa, nusu hapa akisubiri mhadhara ulioahirishwa, moja pale akisubiri mvua ikatike, na hakuna mahali pa kuziweka isipokuwa katika kioo cha simu. Wa pili ana upungufu wa kweli, usioponywa kwa mawaidha. Kuwaambia wote wawili "jipangeni" ni kumwandikia mgonjwa wa malaria na aliyevunjika mguu dawa moja.

Walioshika mbili

Wenye methali yao watuonyeshe basi ni nani aliyeponyokwa. Mimi nitawaonyesha walioshika.

Katika miaka ya 1950, Mkenya mmoja aitwaye Mwai Kibaki alisoma uchumi Makerere. Alikuwa kiongozi wa wanafunzi wenzake wa Kenya, akawa pia katika uongozi wa serikali ya wanafunzi ya chuo. Mwaka 1955 akahitimu kwa daraja la kwanza. Hakuchagua kati ya kikao na kitabu, na Kenya ikampata waziri wa fedha, na baadaye rais. Kabla yake, kati ya 1943 na 1945, Julius Nyerere alisoma ualimu katika kilima kilekile, na akiwa mwanafunzi alishiriki kuwakusanya vijana wa Tanganyika katika chama chao. Chama ni nini, kama si maisha ya kijamii yaliyowekewa daftari la mahudhurio?

Au mtazame Ngũgĩ wa Thiong'o. Juni 1962 Makerere ilipokea mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika, na yeye mwanafunzi akawemo. Mwaka huohuo tamthilia yake ilichezwa na wanafunzi wenzake katika Jumba la Taifa la Maonyesho la Kampala. Riwaya zake mbili za mwanzo aliziandika akiwa bado anakwenda darasani. Jarida la wanafunzi, kikundi cha maigizo, marafiki wa kumsomea mswada: muulize mzee wetu wa ukumbini kama hayo ni masomo au ni anasa. Hatakuwa na jibu, kwa sababu swali lenyewe limekosewa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: hao walikuwa wachache, walichujwa kwa ungo mwembamba, walilishwa na kulazwa na chuo. Ni kweli, na ndipo hoja yangu inapotia nguvu. Hao walikuwa na mabweni yenye ukumbi wa chakula, walezi waliokaa humohumo, na jioni isiyokuwa na safari ya kurudi Kireka. Chuo kiliwajengea mahali ambapo mjadala wa darasani uliendelea mezani juu ya sahani ya matoke. Hawakuwa na tabia njema kuliko vijana wa leo. Walikuwa na paa juu ya maisha yao ya kijamii, na paa hilo lilikuwa la chuo.

Barabara ya Port Bell

Shule ya Biashara iliundwa mwaka 1997, Kitivo cha Biashara cha Makerere kilipounganishwa na Chuo cha Taifa cha Masomo ya Biashara cha Nakawa. Imekua tangu hapo hadi kuwa na maelfu kwa maelfu ya wanafunzi, na matawi Arua, Jinja, Mbale na Mbarara. Ukuaji huo ni jambo la kushukuriwa. Mtoto wa mkulima ambaye zamani asingeuona hata uzio wa chuo, leo anasomea uhasibu. Siwaungi mkono wanaolilia enzi za wachache.

Lakini tulipopanua milango hatukupanua paa. Wengi wa wanafunzi hulala nje, katika hosteli za watu binafsi na vyumba vya kupanga. Chuo hubaki na mihadhara na mitihani. Maisha mengine yote yameachiwa mtaa. Na mtaa, wenzangu, hauachi pengo. Palipoondoka mlezi wa bweni amekuja mwenye hosteli anayehesabu vitanda. Palipoondoka ukumbi wa mjadala umekuja ukumbi wa muziki. Palipoondoka klabu ya michezo kimekuja kibanda cha kubashiri matokeo ya michezo ya Uingereza.

Barabara ya Port Bell inayopita langoni mwa shule ina mafunzo yake kwa anayeifuata hadi mwisho. Ukiteremka nayo utafika Luzira, penye kiwanda cha bia na gereza kuu la nchi, kisha bandari. Sisemi kwamba kila anayekunywa chupa moja Ijumaa ataishia nyuma ya kuta zile. Nasema kwamba wauza pombe wanajua ilipo shule, wanajua muhula unaanza lini, na wanajua kwamba kijana mpweke mwenye fedha za matumizi ni mteja bora kuliko kijana mwenye marafiki wa kweli. Wamefanya utafiti wa soko ambao sisi walezi hatujaufanya.

Hata sheria tunayo, tumeifanya pambo. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 kucheza kamari. Hesabu umri wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyetoka sekondari moja kwa moja: ana miaka 19, 20, 22. Sheria inamlinda karibu mpaka ahitimu na kupata kazi. Kisha nenda kwenye kibanda chochote cha kubashiri kilicho karibu na hosteli yoyote jijini siku ya Jumamosi, uangalie nyuso. Raia anayejua kwamba sheria ipo na haitekelezwi ana la kuuliza kwa mwenye leseni, kwa polisi na kwa mbunge wake. Mwanafunzi wa biashara ana zaidi ya swali: ana uwezo wa kupiga hesabu ya nani hushinda mwisho wa mwezi.

Ukiyaona hayo, utatambua kwa nini nakataa kuyaita "maisha ya kijamii". Ukumbi wenye muziki unaozuia mazungumzo si jamii. Watu 40 waliotazama skrini moja wakiombea tiketi zao si jamii. Hizo ni biashara, na mwanafunzi ndiye bidhaa. Wanaomwambia apunguze maisha ya kijamii wamekosea jina la ugonjwa. Ugonjwa wake ni kwamba hana maisha ya kijamii, na ameuziwa mfano wake kwa rejareja.

Majina kumi, mwandishi mmoja

Kuna mahali pamoja ambapo kitabu na watu hukutana kwa lazima, nako ni kazi ya kikundi. Darasa likiwa la mamia, mhadhiri hawezi kusahihisha insha ya kila mmoja. Huwagawa wanafunzi katika vikundi vya watu kumi, akawapa swali moja.

Kila aliyepita chuo kikubwa anajua kinachofuata. Mmoja huandika. Wa pili hulipia uchapaji. Wa tatu hununua roleksi na soda kwa mwandishi. Saba waliobaki hutuma majina yao na namba za usajili kwa simu, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Kazi hupata alama 70, na watu kumi hupata 70.

Hili jambo tunalicheka, nasi tusilicheke. Lipime kwa macho ya raia. Hapo mtu amejifunza kutia saini kazi asiyoiona. Miaka michache baadaye saini ileile itakuwa chini ya cheti cha kukamilika kwa daraja lisilokamilika, au chini ya orodha ya wafanyakazi hewa. Hapo pia yule aliyeandika peke yake amejifunza kwamba kudai haki ndani ya kikundi ni kujitafutia uadui, heri kunyamaza. Tukiuliza ufisadi hufundishwa wapi, tunatafuta mbali mno.

Na hapo ndipo uongo wa mizani unapoumbuka kabisa. Kikundi kile kimeshindwa kimasomo kwa sababu kimeshindwa kijamii. Hakikuwa na mtu aliyejua kuitisha kikao, kugawa kazi, kumwambia mwenzake "hukufanya, jina lako halitaingia", kisha wakabaki marafiki. Hayo ni maarifa ya kuishi na watu. Hayapatikani kwa kufunga mlango wa chumba, wala hayapatikani Kabalagala saa nane za usiku. Hupatikana katika klabu, kwaya, timu, umoja wa wilaya, jumuiya ya dini, serikali ya wanafunzi: mahali penye katiba ndogo, mwenyekiti anayeweza kuondolewa, na mweka hazina anayeweza kuulizwa.

Mwanafunzi wa uhasibu aliyetunza daftari la klabu yenye shilingi 400,000, akasimama mbele ya wanachama 30 kueleza 15,000 zilipokwenda, amejifunza ukaguzi wa hesabu kwa namna ambayo mhadhara hauwezi kumfunza. Amehisi joto la swali. Na nchi inamhitaji. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikipeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kupitia Mpango wa Maendeleo wa Parishi, na fedha hizo hupitia vyama vya akiba na mikopo vya wananchi. Nani atakuwa katibu wa vyama hivyo? Nani atasimama mkutanoni aseme daftari halilingani? Tukimtoa Nakawa mtu mwenye daraja la kwanza ambaye hajawahi kuulizwa swali na wenzake, tumemtoa mjuzi wa fomula asiye na uti wa mgongo.

Walio mbele yetu katika hili, kwa aibu yetu, mara nyingi hawana shahada. Katika vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea vijijini na masokoni mwa Uganda, sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Hakuna anayefungua peke yake. Wahadhiri huita jambo hilo udhibiti wa ndani, wakalifundisha kwa mihula miwili. Mama muuza nyanya hulitenda kila wiki, na huona aibu kukosa kikao.

Damu ya Julai 2022

Sitaficha ushahidi ulio dhidi yangu. Julai 2022 mwanafunzi aliuawa kwa kuchomwa kisu katika ghasia za kampeni za serikali ya wanafunzi Makerere, na chuo kikasimamisha uchaguzi ule. Wengi walisema: mnaona? Hayo ndiyo maisha yenu ya kijamii. Vijana wamekuja kusoma, siasa wawaachie wakubwa.

Mzazi aliyempoteza mtoto hapaswi kujibiwa kwa hoja, na mimi sitamjibu. Lakini wanaotumia kifo hicho kufunga midomo ya walio hai wanastahili jibu. Vurugu zile hazikutokana na wanafunzi kuwa na siasa nyingi. Zilitokana na siasa za nje kuingizwa chuoni pamoja na fedha zake, mabasi yake na wapiga debe wake, hata kampeni ya kijana ikawa mazoezi ya kampeni ya jimbo. Dawa ya uchaguzi mchafu ni uchaguzi safi: ukomo wa gharama, hesabu za kampeni zinazotangazwa, marufuku ya wapiga debe wa kukodiwa. Tukimwondolea kijana kura akiwa na miaka 21 kwa kuwa hajui kuitumia kwa amani, atajifunzia wapi? Atatoka na shahada, atapiga kura ya kwanza yenye maana katika maisha yake bila kuwahi kushindwa uchaguzi na kumpa mshindi mkono. Kushindwa kwa heshima ni somo, na chuo ndicho mahali rahisi kuliko pote pa kulisomea.

Kwa mzazi, kwa mjanja, kwa binti

Mzazi ataniambia: mwalimu, mimi nimeuza ng'ombe. Ada ya muhula ikichelewa mtoto wangu hapewi kibali cha mtihani, na akifeli somo atalirudia kwa fedha nyingine. Sina ng'ombe wa klabu ya mdahalo. Namheshimu mzazi huyu kuliko wote waliozungumza katika makala haya. Namwomba tu aangalie kinachomfelisha mtoto. Mara chache mno ni klabu ya mdahalo. Mara nyingi ni upweke: mtoto aliyepotea katika darasa la mamia, hakuelewa mhadhara wa wiki ya tatu, hakuwa na wa kumuuliza, akaona haya, akaacha kwenda, akaficha mpaka matokeo yakabandikwa. Rafiki mmoja makini angemwokoa ng'ombe wako.

Kwa wale wa "cha maana ni kujuana", nina neno fupi. Mnachokiita kujuana ni kukusanya namba za simu za watu mnaotumaini kuwatumia. Wenye namba hizo wanalijua hilo. Mtu hukumbuka aliyefanya naye kazi ngumu kwa uaminifu, hamkumbuki aliyepiga naye picha kwenye karamu. Asiyesoma hana cha kuwapa hao anaowajua, na mtandao wa watu wasio na cha kupeana ni foleni ya ombaomba.

Na kwa binti anayetoka mhadhara wa jioni saa tatu za usiku, huambiwa mara nyingi kwamba usalama wake ni kujitenga. Ni shauri la hatari. Mwenye bodaboda mwovu, mhadhiri anayeuza alama kwa tamaa zake, mtu mzima mwenye gari anayeahidi kulipa hosteli, wote hutafuta jambo moja: msichana asiye na watu. Wanaotembea wanne hadi kituoni, wanaojua ratiba za wenzao, wanaoweza kuandika malalamiko yenye saini 20, ni vigumu kuwawinda. Kwake jamii ni ukuta.

Lipi lifanyike

Polemiki isiyo na pendekezo ni kelele, kwa hiyo nayataja matatu.

La kwanza ni la taasisi. Itengwe saa moja na nusu kila wiki, katikati ya mchana, isiyo na mhadhara wala mtihani wa majaribio kwa programu yoyote, na nyingine jioni kwa wanafunzi wa jioni, ziwe za klabu na mikutano. Vyumba vya mihadhara vinavyokaa vitupu Jumamosi alasiri vifunguliwe kwa vikundi vilivyosajiliwa, bila ada. Kazi ya kikundi ikusanywe pamoja na kumbukumbu za vikao na mgawanyo wa kazi, na mhadhiri amwite mwanachama yeyote aitetee kwa dakika tano. Wasioweza kuitetea wakose alama. Hatua hii ya mwisho haihitaji bajeti. Inahitaji ujasiri. Na mwanafunzi wa jioni aruhusiwe kupunguza idadi ya masomo kwa muhula na kuongeza muda wa kuhitimu bila adhabu, maana wiki yake tumeshaipigia hesabu.

La pili ni la wanafunzi. Usijiunge na vyama kumi. Jiunge na kimoja, ukubali wajibu wenye jina: katibu, mweka hazina, mtunza vifaa. Undeni duara la kusoma la watu watano, si kumi, wanaokutana siku ileile na saa ileile, kila mmoja akifundisha sura moja. Anayekuja mikono mitupu mara mbili aombwe kwa upole atafute duara jingine. Mkimaliza, kuleni pamoja. Mtashangaa kuona kwamba jioni hiyo ilikuwa masomo na starehe kwa pamoja, wala hamkuhitaji mizani.

La tatu ni la wazazi. Simu ya Jumapili isiishie kwenye swali la alama na swali la fedha. Muulize mwanao: wiki hii ulimsaidia nani kuelewa jambo gani? Nani alikusaidia wewe? Majibu yakikosekana wiki tatu mfululizo, panda gari uje Kampala.

Ama methali yetu, haina hatia. Wahenga walipomwonya mshika mbili, walikuwa wakimsema mwenye pupa, anayekamata vitu viwili kwa kiganja kimoja. Wahenga haohao walisema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kusoma na kuishi na watu ni vidole vya mkono mmoja. Mzee wa ukumbini atakaposimama tena mwaka ujao, mwanafunzi mpya na ainue mkono, amuulize kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Chuo kimetutengea saa ngapi na chumba kipi cha kukutana?" Jibu la swali hilo litatueleza mengi kuliko hotuba yote.